Baritoni Anayeanguka Kwenye Usaili: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Nyimbo Tano za Opera na Opereta

Mabaritoni wengi wanaorudishwa kwenye usaili wa opera wana sauti nzuri. Wanaangushwa na mambo mawili yaleyale: wamechagua wimbo wa mtu aliyewazidi miaka kumi na mitano, na wameushika kwa sikio bila kuyashika maneno. Tena na tena napokea rekodi ambazo noti zote zimo, lakini ukimuuliza mwimbaji mhusika anamwambia nani nini, hajui.

Baritoni, mwanaume mwenye sauti iliyo kati ya tenori na besi, hana pa kujificha. Tenori akiyumba kidogo, noti moja ya juu inaweza kumwokoa. Baritoni yupo jukwaani ili atongoze, adanganye, aonye, alaani au achekeshe, na yote hayo yanapita kwenye maneno. Ndiyo maana hapa maneno yanatangulia sauti.

Nimemfikiria mtu aliyelelewa na kwaya, anayesoma nota, iwe solfa au mistari mitano, na ambaye kwaya ilimweka besi kwa kuwa ina nafasi nne tu na yake haimo. Jipe miezi sita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nota za opera nzima, za sauti na piano, si kurasa za wimbo mmoja tu. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP inazo bure za Mozart, Rossini, Donizetti, Verdi na Sullivan.
- Ufunguo wa asili. Vitabu vingi vya wanafunzi vimeshusha nyimbo. Ukizoea toleo lililoshushwa, siku ya usaili mpiga piano atafungua ufunguo wa asili na utajikuta mahali usipopajua.
- Metronomu. Ya kwenye simu inatosha.
- Simu ya kurekodia, iwekwe upande wa pili wa chumba. Ikiwa karibu na mdomo, haikuambii kinachowafikia wasikilizaji.
- Kamusi ya Kiitaliano na ya Kijerumani, penseli, daftari na faili lenye pete.
- Mpiga piano, hata kama ni mara mbili kwa mwezi. Piano iliyorekodiwa haikusubiri upumue, kwa hiyo inakujengea tabia mbaya.
- Mwalimu wa sauti. Hakuna maandishi yanayoweza kusikia koo lako. Ukisikia maumivu, nyamaza siku hiyo na umwone.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali sauti yako inapogeuka

Baritoni wa opera hutumia sauti kuanzia takriban A ya nafasi ya chini kwenye ufunguo wa besi hadi G iliyo juu ya C ya kati ya piano. Lakini upana huo haukuambii wimbo gani unakufaa.

Kinachokuambia ni sehemu mbili ambapo koo linataka kubadili mpangilio. Kwa baritoni mwepesi ziko karibu na B iliyo chini tu ya C ya kati, na E iliyo juu yake. Kwa baritoni mzito huwa chini kidogo. Imba "o" kwa sauti ya wastani, ukipanda nusu toni kwa nusu toni, huku unarekodi. Utasikia mahali ambapo irabu inaanza kupanuka na kuelekea kuwa kelele. Andika noti hiyo.

Sasa chukua wimbo unaoupenda na penseli, uweke alama kwenye kila noti iliyo juu ya C ya kati. Usiangalie noti ya juu kuliko zote, angalia ukurasa ulivyojaa. Wimbo unaogusa F mara mbili na kushuka ni rafiki. Wimbo unaokaa kwenye D na E ukurasa mzima ni mzigo, hata kama haufiki F kabisa.

Wimbo unaokufaa utauimba mara mbili mfululizo, kisha uongee na mtu kwa sauti yako ya kawaida bila kukohoa wala kukwaruza.

## Hatua ya 2: Chagua nyimbo tano

Kwa kawaida wewe unachagua wimbo wa kwanza, jopo linachagua wa pili kutoka kwenye orodha yako. Kwa hiyo usiweke wimbo unaoomba Mungu wasiuchague, kwa sababu mara nyingi wataangukia huohuo.

Mozart kwa Kiitaliano. Anza hapa. "Deh vieni alla finestra" wa Don Giovanni una beti mbili, mandolini chini yake, na hauna pa kupiga kelele. Jopo linasikia kama unaweza kuunganisha sauti kwa upole. Chaguo jingine ni "Non siate ritrosi" wa Guglielmo katika Così fan tutte, ambao unachekesha na umekaa mahali pazuri kwa kijana. Jihadhari na mwisho wake: kwenye opera unaingia moja kwa moja katika kicheko cha wanaume watatu. Panga na mpiga piano mtakavyofunga, la sivyo mtaning'inia.

Kijerumani. "Der Vogelfänger bin ich ja" wa Papageno katika Die Zauberflöte ya Mozart unaonekana rahisi, na kwa noti ni rahisi kweli. Mtu wa kwanza kuuimba, mwaka 1791 huko Vienna, ni Emanuel Schikaneder, mwigizaji na meneja wa kundi la maigizo ambaye ndiye aliyeandika maneno ya opera hiyo. Wimbo ulikatwa kwa kipimo cha mtu wa maigizo. Ukiuimba kwa sauti nzito ya kujionyesha, umeuua. Kama nguvu yako iko kwenye mistari mirefu na ya polepole, chukua wimbo wa Wolfram kwa nyota ya jioni, kutoka Tannhäuser.

Donizetti. "Bella siccome un angelo" wa daktari Malatesta katika Don Pasquale. Malatesta anamuuzia Don Pasquale, mzee mseja, uongo: anamsifia dada yake, mzuri kama malaika, na mpango mzima ni hila. Sauti ni asali, nia ni mtego. Sijui wimbo mwingine unaoonyesha kwa haraka hivi kama kijana anaelewa kazi ya baritoni.

Kifaransa. Valentin katika Faust, kama G yako ya juu inapatikana hata siku ya uchovu. Gounod aliuongeza wimbo huu kwa ajili ya Charles Santley, baritoni wa Uingereza, kwa maonyesho ya London ya 1864, kwa hiyo hakikisha toleo ulilonalo linao. Kama G haijakomaa, acha Kifaransa kwa sasa na uweke wimbo wa pili wa Mozart.

Opereta, yaani opera nyepesi yenye sehemu za kuongea. Hapa ndipo watu wanapodharau na kupoteza ajira. Volksoper ya Vienna, Gärtnerplatztheater ya Munich, Komische Oper ya Berlin na Staatsoperette ya Dresden zinacheza opereta, na zinahitaji mabaritoni wanaoimba, kuongea na kucheza dansi. Kwa Kijerumani, wimbo wa Danilo wa kuingilia jukwaani katika Die lustige Witwe unafaa baritoni mwepesi. Kwa Kiingereza, Gilbert na Sullivan wameacha njia mbili. Moja ni ya majukumu aliyoimba George Grossmith: maneno ya kasi, sauti ndogo, akili nyingi. Nyingine ni ya Rutland Barrington, aliyekuwa Kapteni Corcoran wa H.M.S. Pinafore na Pooh-Bah wa The Mikado: sauti pana zaidi na utulivu. Chagua njia inayofanana na mwili na tabia yako.

### Nyimbo za kuacha kwanza

"Largo al factotum" wa Figaro wa Rossini unarudi kwenye G mara nyingi, na mwishoni unadai ulimi wa kasi ukiwa umeshachoka. Jopo limeusikia kwa mabingwa. Usiulete mpaka uweze kuuimba baada ya wimbo mwingine mzito na bado ubaki na pumzi.

Rigoletto na majukumu mazito ya Verdi yasubiri. Verdi anamweka baritoni juu kwa muda mrefu, na okestra iko nyuma yake kwa nguvu. Koo la miaka 23 linaweza kuigiza uzito huo kwa dakika nne, na gharama yake linailipa baadaye.

## Hatua ya 3: Maneno kwanza, bila kuimba

Andika maneno ya wimbo kwa mkono. Chini ya kila neno andika maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno. Tafsiri ya jumla haitoshi, kwa sababu lazima ujue ni neno lipi kati ya matano ndilo "kamwe" au "peke yake". Kisha andika sentensi tatu: mimi ni nani, naongea na nani, nataka afanye nini. Majibu yatafute kwenye nota za opera nzima, kurasa za kabla ya wimbo wako.

Sasa yasome kwa sauti kama mtu anayeongea. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa na mitego kadhaa.

Kiitaliano. Irabu zetu tano safi zinakupeleka mbali, ingawa "e" na "o" za Kiitaliano zina sura mbili, ya wazi na ya kufunga, na kamusi nzuri itakuonyesha ipi ni ipi. Mtego mkubwa ni konsonanti mbili. Kiswahili hakina kitu hicho, kwa hiyo "bella" inatoka "bela" na "siccome" inatoka "sikome". Kaa kwenye "l" kabla ya kuiachia. Kwenye "cc" ziba sauti kabisa kwa nukta ya sekunde, halafu fungua. Katika mstari ule wa Malatesta, maneno mawili ya kwanza tu yanatosha kukupitisha au kukurudisha.

Kijerumani. "Vogelfänger" ina sauti ya *ng'ombe*, si ya *ngoma*. Wengi wanaongeza "g" pasipo na "g". Sauti ya "Nacht" tunayo tayari, ni "kh" ya *kheri* ikitamkwa vizuri. Ya "ich" ni tofauti, inatoka mbele ya kinywa kama mnong'ono wa "hy". Usiigeuze kuwa "ish". Na neno linapoishia na konsonanti, liache liishe. Tusiweke irabu ndogo mwishoni kwa mazoea ya lugha yetu.

Kiingereza. "Dh" ya *dhahabu* na "th" ya *thamani* zitakuokoa. Kinachoharibu ni mgawanyo wa uzito, nao nitaueleza kwenye hatua inayofuata.

Kifaransa tafuta mtu akusikilize. Irabu za puani na ile "u" ya midomo iliyochongoka hazifundishiki kwa maandishi.

Utajua umefika pale utakaposoma maneno yote bila karatasi, kwa kasi ya mazungumzo, huku ukimwangalia mtu machoni. Kama lazima uimbe kichwani ili ukumbuke neno linalofuata, hujayashika.

## Hatua ya 4: Mdundo na maneno ya kasi

Ongea maneno kwenye mdundo wa nota, bila tuni. Metronomu iwe polepole. Nyimbo nyingi zitakuchukua siku chache. Wimbo wa maneno ya kasi ndio utakaokula wiki, basi tukae hapo.

Chukua wimbo wa Meja Jenerali katika The Pirates of Penzance. Mstari wa kwanza, "I am the very model of a modern Major-General", una silabi 16. Mswahili atataka kuzipa zote uzito sawa, maana ndivyo tunavyoongea. Matokeo yake ni kama mashine ya kushona: silabi zote zimo, na hakuna anayeelewa. Kiingereza kinabeba mstari huo kwenye sehemu chache tu: *ve-* ya "very", *mo-* ya "model", *mo-* ya "modern", *ma-* ya "Major" na *ge-* ya "General". Zilizobaki zinapita kama kivuli. Piga mstari chini ya hizo tano, ongea hizo tano peke yake kwenye mdundo, kisha rudisha nyingine kati yake kwa wepesi.

Baada ya hapo:

1. Weka metronomu kwenye kasi ambayo huwezi kukosea, hata kama inachosha.
2. Ukifaulu mara tatu mfululizo, ongeza kidogo, pigo nne hivi. Ukikosea, shusha nane. Usirudie kosa kwa kasi ileile, kwa sababu ulimi unajifunza makosa kwa bidii ileile.
3. Taya litulie. Kazi ifanywe na ncha ya ulimi na midomo. Weka kidole kidevuni: kikirukaruka, unapoteza muda.
4. Weka alama za pumzi kwa penseli na uzifuate kila mara. Pumzi ndogo za mara kwa mara ni bora kuliko moja kubwa, maana kifua kilichojaa sana kinaufanya ulimi uwe mzito.
5. Jifunze ubeti wa mwisho kwanza. Huo ndio utakaouimba umechoka.

Kitu kingine ambacho wengi hugundua wakiwa wameshachelewa: kwenye maonyesho, kwaya hurudia maneno ya mwisho ya kila ubeti, na hapo ndipo Jenerali anapopumzika. Kwenye usaili hakuna kwaya. Mpiga piano apige sehemu ya kwaya kwa ufupi, au mkubaliane kukata ubeti mmoja. Wimbo wa jinamizi wa Lord Chancellor katika Iolanthe haukupi hata nafasi hiyo, kwa hiyo usiuchague kama wa kwanza wa aina hii.

Jenerali pia hukwama kabla ya kwaya kuingia, akitafuta kina. Hicho kituo ni cha kuigiza kweli: tafuta neno, likose, lipate, ufurahi. Ukikiruka, umetupa kichekesho kikubwa cha wimbo.

Mtihani wa hatua hii: mtu asiyewahi kusikia wimbo asimame mwisho wa chumba na aandike anachosikia. Alichoandika ndicho unachokiimba, hata kama una uhakika umesema kingine.

## Hatua ya 5: Ingiza sauti

Imba tuni kwa irabu za maneno tu, bila konsonanti. Mstari ukishatiririka, rudisha konsonanti bila kuukata. Hii inazuia ugonjwa wa kuimba silabi mojamoja, ambao kwenye kwaya hauonekani kwa sababu wenzako wanaufunika.

Unapovuka ile E, usiipanue irabu. Iache izunguke kidogo: "a" isogee kuelekea "o", "e" ifunge kidogo. Ukiongeza nguvu badala ya kuzungusha, utapata kelele leo na ukwaruzo kesho. Hapa hasa ndipo umsikilize mwalimu wako.

## Hatua ya 6: Mazungumzo ya kuongea

Opereta, na hata Die Zauberflöte, ina sehemu za kuongea bila muziki. Majopo ya opereta mara nyingi huomba usome ukurasa. Nimeona waimbaji hodari wakianguka hapo: wameimba kwa sauti iliyosimama, kisha wanaongea chini ya pumzi kama wanaomba radhi.

Danilo anaingia amechoka na kazi ya ubalozi jijini Paris, analalamika kuhusu nchi yake, na anasema anakwenda Maxim, mkahawa wa starehe. Jifunze mistari michache kabla na baada ya wimbo. Uongee kwenye kimo kilekile ambacho sauti yako ya kuimba inaanzia, na kwa pumzi ileile. Mtu akifumba macho asisikie watu wawili.

## Hatua ya 7: Faili la mpiga piano

- Kurasa zichapwe pande zote mbili, ziwekwe pete, zisiwe na kivuli kilichokula besi.
- Mwanzo, mwisho na sehemu zilizokatwa ziwe na alama za wino mweusi.
- Nyimbo zifuate mpangilio wa orodha yako.

Ukimfikia, mwimbie mistari miwili kwa sauti ndogo kumwonyesha kasi. Usimpigie vidole wala usipige mguu chini. Yeye ndiye mtu pekee chumbani aliye upande wako kabisa, na heshima unayompa jopo linaiona.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Anza na wimbo unaokuonyesha mapema. Ndani ya nusu dakika jopo linataka kujua lugha, rangi ya sauti na kama unafikiri. Kama wimbo wako mzuri unaanza na utangulizi mrefu wa piano, mwambie mpiga piano aanzie mipigo miwili kabla yako.

Mhusika unayemwambia maneno muweke juu kidogo ya vichwa vya jopo. Ukiwakazia macho, watainamisha nyuso kwenye karatasi.

Wakikukatisha katikati, usitafsiri chochote. Wamesikia walichokihitaji. Wakiomba wimbo wa pili, chukua pumzi mbili kamili, fikiria ile sentensi yako ya "nataka afanye nini", kisha itikia kwa kichwa kwa mpiga piano.

## Hatua ya 9: Mpangilio wa miaka

Usaili mmoja ukipita, kosa la zamani linarudi kwa sura nyingine: unapewa jukumu kubwa mno na unalipokea. Mpangilio ninaoutetea ni huu. Kwanza Papageno, Guglielmo, daktari Falke wa Die Fledermaus, Kapteni Corcoran. Kisha Malatesta, Danilo, Count Almaviva wa Mozart na Figaro wa Rossini. Germont wa La traviata afuate sauti ikiwa imekomaa, kwa wengi ndani ya miaka ya thelathini. Rigoletto baada ya huyo. Falstaff apewe mtu aliyeishi: Victor Maurel, aliyemwimba wa kwanza huko Milan mwaka 1893, alikuwa ameshavuka miaka 40 na alikuwa ameshakuwa Iago wa Verdi.

Opereta isikae mwanzoni tu ukaitupa. Anayeweza kuongea, kuchekesha na kucheza atapata kazi katika misimu ambayo opera nzito haina nafasi yake. Wapenzi wa Gilbert na Sullivan wana tamasha lao la kimataifa lililoanzia Buxton, Uingereza, mwaka 1994, na vikundi vya ridhaa ni vingi nchini humo. Kwa kijana anayesoma huko, ni mahali pa kupata saa za jukwaani bila kuumiza koo.

Kila mwaka ondoa wimbo mmoja kwenye zile tano na uweke mpya, ukianzia tena Hatua ya 1 na penseli yako. Uliouondoa usiufute: uimbe mara moja kwa mwezi na urekodi. Siku utakaposikia kwamba umekuwa rahisi mahali ulipokuwa mgumu, mpeleke mwalimu wako rekodi zote mbili, mwulize kama ni wakati wa kupanda daraja.